Maswali ya Wasomaji: Noti ya Yeni 500 Iliyoacha Kutolewa

Barua nyingi za safari hii zinahusu noti moja: yeni 500 ya Japani yenye sura ya Iwakura Tomomi. Tumezijibu pamoja, kisha tukaongeza mbili tatu zinazokaribiana nazo.

Nimekuta noti ya yeni 500 ndani ya kitabu nilichonunua kikiwa kimeshatumika. Ina sura ya mzee aliyevaa suti. Duka la kubadili fedha limeikataa, wakasema ilishafutwa. Je, ni karatasi tu?

Hapana. Noti hiyo bado ni pesa halali ya Japani, na thamani yake ni yeni 500 zilezile zilizoandikwa juu yake.

Aliyekujibu dukani amechanganya mambo mawili ambayo Wajapani huyatenganisha kabisa. Kuna kusitisha kutoa noti, yaani Benki ya Japani inaacha kuitoa kwenye kaunta zake, na kila inayorudi benki hairudishwi tena mtaani. Halafu kuna kufuta uhalali, ambapo noti inatangazwa kuwa si pesa tena kuanzia tarehe fulani. Noti ya Iwakura imepata la kwanza tu. Ilikoma kutolewa tarehe 1 Aprili 1994, na hakuna siku iliyowahi kupangwa kuwa mwisho wa kuibadilisha. Kisheria ipo sawa na noti mpya za Julai 2024. Tena noti ina nguvu ambayo sarafu haina: sheria inasema noti za Benki ya Japani hupokewa bila kikomo cha idadi, ilhali mlipwaji halazimiki kupokea sarafu zaidi ya 20 za thamani moja kwa malipo ya mara moja.

Uhalali ni jambo moja na kuipokea ni jingine. Mashine za kuuzia vinywaji na tiketi haziitambui. Keshia kijana anaweza kuwa hajawahi kuiona maishani mwake. Maduka ya kubadili fedha nje ya Japani huchukua noti wanazoweza kuziuza tena kwa wasafiri, na hii haiuziki kirahisi, kwa hiyo huikataa kwa sababu za biashara. Njia ya uhakika ni kuipeleka Japani kwenyewe, mwenyewe au kwa mkono wa mtu unayemwamini, hadi kwenye kaunta ya benki ya kawaida au ya Benki ya Japani, iwe makao makuu Nihonbashi, Tokyo, au tawi lake. Apige simu kwanza kuuliza saa za huduma hiyo. Lakini kwa noti moja ya yeni 500 nauli ya treni huenda ikameza faida yote. Soma kwanza jibu la bei za wakusanyaji hapa chini.

Kuna noti mbili za yeni 500 zenye Iwakura, na zinafanana mno. Nitajuaje ipi ni ipi?

Chukua rula. Ya toleo la B, iliyotoka tarehe 2 Aprili 1951, ina kimo cha milimita 76 na urefu wa milimita 156. Ya toleo la C, iliyotoka tarehe 1 Novemba 1969, ina milimita 72 kwa 159. Ya zamani ni pana zaidi na fupi kidogo. Zipange moja juu ya nyingine, pembe kwa pembe, na tofauti itaonekana hata bila rula.

Usiamini rangi. Zote zina mwelekeo wa buluu, na noti iliyokaa juani miaka mingi hubadilika kiasi cha kumdanganya hata mzoefu. Ya B iliacha kutolewa Januari 1971, kwa hiyo ndiyo adimu zaidi kati ya hizo mbili.

Kwa nini Japani iliiondoa noti iliyokuwa ikitumiwa na kila mtu?

Kwa sababu hiyohiyo: ilitumiwa na kila mtu. Fuata jinsi cheo chake kilivyoshuka. Ilipotoka 1951, yeni 500 ilikuwa noti ya pili kwa ukubwa nchini. Juu yake ilikuwepo ya yeni 1,000 peke yake, iliyotangulia kwa mwaka mmoja. Mwaka 1957 ikaja ya yeni 5,000, na 1958 ya yeni 10,000. Huku chini nako noti zikawa zinageuzwa sarafu: ya yeni 50 ilikoma kutolewa 1958, na ya yeni 100 ikakoma Agosti 1974. Kuanzia hapo noti ya Iwakura, iliyozaliwa ikiwa pesa ya kufungia hesabu kubwa, ikabaki kuwa noti ndogo kuliko zote, ya chenji, nauli na chakula cha mchana.

Noti ndogo huchakaa haraka, maana haikai ndani ya pochi. Inakunjwa, inalowana, inapita mikono mingi kwa siku. Benki ya Japani hukadiria kwamba noti ya yeni 10,000 huishi miaka minne hadi mitano, na ya yeni 1,000 mwaka mmoja hadi miwili. Sarafu hudumu miongo. Ongeza na mashine za kuuzia, ambazo zilienea Japani kwa kasi katika miaka hiyohiyo na zilihitaji sarafu yenye thamani kubwa zaidi ya yeni 100. Ndipo Aprili 1982 ikaja sarafu ya yeni 500, mchanganyiko wa shaba na nikeli, kipenyo milimita 26.5, uzito gramu 7.2. Noti na sarafu zilikwenda sambamba kwa miaka 12 kabla noti haijasitishwa.

Wachache husimulia kilichofuata, nasi tunaona kinastahili kujulikana. Sarafu ya Korea Kusini ya won 500 ilikuwa na kipenyo kilekile na madini yaleyale, ila ilikuwa na uzito wa gramu 7.7, na thamani yake ilikuwa takribani moja ya kumi ya ile ya Japani. Miaka ya 1990 wahalifu wakaanza kuitoboa vishimo vidogo usoni mpaka ipungue nusu gramu. Wakaitumbukiza kwenye mashine, kisha wakabonyeza kitufe cha kurudishiwa pesa. Mashine nyingi za wakati ule zilikuwa zikirudisha sarafu iliyopo karibu kwenye akiba yake, si ileile iliyoingia, na hivyo mhalifu akaondoka na yeni 500 halisi. Mashine ilipima kipenyo, uzito na madini, na vyote vilikubali.

Agosti 2000 Japani ikabadili madini ya sarafu hiyo, ikawa ya nikeli, shaba na zinki, gramu 7.0, na ndani ya sifuri za 500 pakawekwa maandishi yanayoonekana ukiiinamisha. Mwaka 2021 ikabadilishwa tena, safari hii ikawa ya rangi mbili na gramu 7.1. Noti ya karatasi ingechakaa, ndiyo, lakini isingetobolewa. Hata hivyo hatuoni kwamba uamuzi wa 1982 ulikuwa mbaya. Kosa lilikuwa kuchagua vipimo vilivyofanana na vya jirani.

Iwakura ni nani hasa, na kwa nini yeye?

Alizaliwa Kyoto mwaka 1825, mtu wa tabaka la juu katika baraza la mfalme, na alikuwa mmoja wa waliosukuma kurudishwa kwa mamlaka ya mfalme mwaka 1868. Desemba 1871 aliongoza ujumbe mkubwa wa serikali uliopanda meli Yokohama kwenda Marekani na Ulaya. Nia ilikuwa kujadili upya mikataba iliyoinyonga Japani na kujifunza viwanda, shule na sheria za huko. Mikataba haikubadilika. Mafunzo ndiyo waliyorudi nayo, Septemba 1873.

Mwenye kukusanya noti aiangalie meli ile vizuri. Ndani yake alikuwemo Iwakura wa yeni 500. Alikuwemo Ito Hirobumi, mmoja wa manaibu wake, ambaye sura yake ilikaa kwenye yeni 1,000 ya 1963. Na alikuwemo msichana wa miaka sita aliyepelekwa kusoma Marekani, Tsuda Umeko, ambaye tangu Julai 2024 ndiye sura ya noti ya yeni 5,000. Sura tatu za noti, safari moja. Itagaki Taisuke, wa noti ya yeni 100, hakusafiri. Na waliporejea walikosana naye juu ya mpango wa kuishambulia Korea, akajiuzulu serikalini Oktoba 1873. Kuanzia 1953 mpaka 1974 mahasimu hao walikaa pochi moja kila siku.

Tazama mavazi kwenye noti: suti ya kizungu na tai ya kipepeo. Katika picha maarufu aliyopigwa na wenzake San Francisco, Iwakura ndiye pekee aliyevaa kimono, na nywele zake amezifunga kishungi juu ya kichwa. Alizikata akiwa bado Marekani. Wachoraji wa noti walimchagua Iwakura wa baada ya kinyozi.

Mlima ulioko nyuma ni Fuji, nafahamu. Umepigwa picha kutoka wapi?

Kutoka mlima Karigaharasuri, wenye mita 1,874, katika mji wa Otsuki, mkoa wa Yamanashi. Ndiyo maana Fuji inaonekana kwa mbali, na safu za milima ya chini zimejipanga mbele yake. Picha iliyotumika ni ya mwaka 1942.

Watu wengi hukosea wakaenda ziwa Motosu. Huko ndiko ilikotoka Fuji ya noti ya yeni 5,000 ya mwaka 1984 na ya yeni 1,000 ya mwaka 2004, zile zenye kivuli cha mlima kwenye maji. Kwenye ya Iwakura hakuna maji.

Noti yangu imechanika na kipande kimepotea. Bado ina thamani?

Inategemea eneo lililobaki, na kanuni ni hii. Ukibaki na theluthi mbili au zaidi ya noti, unalipwa thamani yote. Ukibaki na sehemu mbili kwa tano au zaidi, ila haijafika theluthi mbili, unalipwa nusu: kwa noti hii ni yeni 250. Chini ya sehemu mbili kwa tano, hulipwi kitu.

Kwa noti ya toleo la C iliyochanika wima, na kimo chote cha milimita 72 kikiwa kizima, hesabu ni nyepesi: milimita 106 za urefu au zaidi ni malipo kamili, kuanzia milimita 64 ni nusu. Kwa toleo la B ni milimita 104 na 63. Ikiwa imechanika mshazari, iweke juu ya karatasi ya hesabu yenye miraba na uhesabu miraba iliyofunikwa.

Vipande vikitambulika kuwa ni vya noti moja, maeneo yake hujumlishwa, kwa hiyo usitupe hata kipande kidogo. Iliyoungua nayo hupimwa: majivu yakitambulika kuwa ya noti, huhesabiwa kama sehemu yake. Hapo ndipo watu hujiharibia. Wanayakung'uta majivu, au wanaijaza noti utepe wa kunata, na mpimaji anashindwa kuona kingo. Weka vilivyo, ndani ya boksi gumu, bila kugusagusa.

Wakusanyaji hulipa kiasi gani? Namba yangu inaanza na herufi moja tu.

Angalia vizuri hiyo herufi. Toleo la C lililotumika, lenye mikunjo na namba ya kawaida, wafanyabiashara wa noti hulipa thamani yake iliyoandikwa au juu yake kidogo sana, kwa sababu zimebaki nyingi. Usikubali kudanganywa na tangazo la mtandaoni linalotaja bei kubwa. Hiyo ni bei anayoitamani muuzaji, na kutamani si kuuza.

Thamani hupanda kwa mambo manne. La kwanza ni hali: noti ambayo haijawahi kukunjwa, pembe zake zikiwa kali. Ichunguze ubavuni chini ya taa, kwa maana mkunjo uliopigwa pasi hauonekani kwa mbele lakini kivuli chake hubaki. La pili ni namba zenye mpangilio, kama tarakimu sita zinazofanana. La tatu ni makosa ya kiwandani: karatasi iliyojikunja wakati wa kukatwa ikabaki na sikio la ziada pembeni, au chapa iliyohama. Kosa la kweli huwa na sababu unayoweza kuieleza kwa mikono yako; ukikunja ile sehemu irudi ilivyokuwa kiwandani, kila mstari lazima ukae mahali pake. Usipokaa, mtu ameitengeneza nyumbani.

La nne ndilo lako. Namba za noti hizi huanza na herufi moja au mbili, zikafuata tarakimu sita, na mwisho herufi moja. Herufi I na O hazitumiki, zisije zikasomwa kama 1 na 0, kwa hiyo zimebaki 24. Tarakimu huishia 900000. Herufi moja mwanzoni na moja mwishoni hutoa mipangilio 576, yaani noti milioni 518.4. Herufi mbili mwanzoni hutoa mipangilio 13,824, yaani noti bilioni 12 na zaidi. Yenye herufi moja ni ya mwanzo wa uchapishaji na ni chache kwa kulinganisha, lakini milioni mia tano si uchache wa kukufanya tajiri. Zinazotafutwa hasa ni zile zinazoanza na A na kuishia na A, yaani za kundi la kwanza kabisa.

Je, kuna noti za Japani zilizokufa kabisa?

Zipo, na zote ni za enzi za kabla ya toleo la B. Uhalali ulifutwa katika nyakati tatu. Ya kwanza ilitokana na tetemeko la Kanto la 1923: noti nyingi ziliungua, na sheria ya 1927 ikaondoa noti za zamani zilizokuwa zikibadilishwa kwa dhahabu au fedha, mwisho wake ukiwa Machi 1939. Ya mwisho ilikuwa 1953, pale senti, yaani *sen*, zilipofutwa pamoja na noti zake ndogo.

Ya katikati ndiyo iliyouma. Februari 1946, bei zikiwa zinapaa baada ya vita, serikali ilitangaza kwamba noti za zamani za yeni 5 na kuendelea zitakoma mwanzoni mwa Machi. Kila mtu aliweka zake benki, na akaunti zikafungwa: mkuu wa kaya aliruhusiwa kutoa yeni 300 kwa mwezi, na yeni 100 kwa kila mwanakaya mwingine. Noti mpya hazikutosha. Basi zikachapishwa stempu ndogo za kubandika kwenye noti za zamani, na noti yenye stempu ikahesabiwa kuwa mpya hadi mwisho wa Oktoba. Ukikutana na noti ya zamani yenye kistempu, hiyo ni historia ya miezi minane.

Zile za yeni 1 zilinusurika. Yeni 1 ya mwaka 1885, yenye mungu Daikoku ameketi juu ya magunia ya mpunga, ni halali mpaka leo, kwa yeni moja. Kwa mkusanyaji ni maelfu ya yeni, basi usiipeleke benki. Ilichapwa kwenye karatasi iliyochanganywa unga wa konnyaku, aina ya kiazi, ili iwe ngumu, na panya na wadudu wakaipenda. Wino wake ulikuwa na rangi nyeupe ya madini ya risasi, na kwenye miji ya chemchemi za maji moto gesi ya salfa iliugeuza mweusi. Noti safi ya Daikoku ni jambo la bahati.

Na ya yeni 2,000? Rafiki yangu anasema nayo ilisitishwa.

Haijasitishwa. Ilitoka Julai 2000, wakati wa mkutano wa G8 wa Kyushu na Okinawa, na lango la Shurei la Okinawa limechorwa mbele yake. Mwaka ule zilichapishwa milioni 770, mwaka wa bajeti wa 2003 zikaongezwa milioni 110, kisha uchapishaji ukasimama. Mashine nyingi hazikurekebishwa kuipokea, na watu hawakuizoea. Benki bado inaitoa kutoka akiba, na Okinawa ndiko inakoonekana zaidi.

Niihifadhi vipi?

Karatasi yake imetokana na nyuzi za kichaka cha mitsumata pamoja na abaka, mmea wa jamii ya mgomba, nayo ni imara, lakini plastiki mbaya huishinda. Mifuko laini ya PVC, ile yenye harufu, hutoa mafuta yanayoifanya noti inate na kubadilika rangi. Tumia mfuko wa poliesta au polipropilini, ulio wazi upande mmoja, ulazwe gizani mahali pakavu pasipo joto kali. Usiifunike kwa laminesheni, usiioshe, usiipige pasi. Vumbi lipulize tu. Ukikuta alama ya kipande cha chuma kilichoshika kutu, iache kama ilivyo: asidi ya kusafishia hula na wino ulionyanyuka ambao kidole chako huuhisi kwenye koti la Iwakura, na huo ukishaondoka mnunuzi ataigusa mara moja tu na kuirudisha.